Karanga, mwalimu na kinyozi: namna ya kumpeleka mbwa dukani asirudi na upara

Karanga ni mbwa wetu. Ni mseto wa pudeli na golden retriva, kilo 24, rangi ya karanga za kukaanga, na jina hilo watoto walimpa kabla hata sijakubali kwamba ataingia ndani. Tunaishi Fort Worth, Texas. Mimi nafanya shifti ya usiku kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Nilikulia Machame, Kilimanjaro, ambako mbwa wetu aliitwa Simba, kazi yake kubweka usiku, chakula chake ukoko wa ugali uliolowekwa maji ya dagaa, na alioga siku baba alipobakiza dawa ya kuogeshea ng'ombe. Kwa hiyo nilipomwambia mama kwenye simu kwamba nimetoa dola 95 mbwa akanyolewe, alinyamaza kwanza. Kisha akauliza, "Mwanangu, na wewe nywele umesuka?"

Sikuwa nimesuka.

Nayaandika haya kwa sababu kila mwezi kuna mtu wa kwetu ananipigia kuuliza habari za mbwa hawa wenye manyoya ya kujikunja. Watu huwachukua wakiambiwa hawapukutishi manyoya ovyo, na kwa sehemu kubwa ni kweli, makochi yangu ni mashahidi. Wasichoambiwa ni kwamba manyoya yasiyopukutika hayaendi popote. Yanarefuka na kusokotana mpaka mtu ayakate. Hapo ndipo unajikuta kwenye duka kubwa la vifaa vya wanyama, mbele ya kaunta mbili: moja inauza darasa la kufundisha mbwa, nyingine ni saluni. Mimi nilizinunua kama huduma mbili zisizojuana, moja Januari na nyingine Mei. Kosa langu lote limo humo. Mbwa ambaye hajafundishwa kushikwa mguu, sikio na kidevu hanyoleki vizuri, hata kinyozi awe hodari vipi.

Karatasi kwanza

Darasa na saluni vyote vitadai cheti cha chanjo. Kile kidani cha chuma cha chanjo kinachoning'inia shingoni mwa mbwa hakitoshi. Siku ya kwanza nilirudishwa mlangoni nikiwa na mbwa mkono mmoja, pochi mkono wa pili, na kidani kinalia kama njuga. Wanataka karatasi ya daktari wa wanyama yenye tarehe, basi ipige picha ikae kwenye simu. Hapa Texas chanjo ya kichaa cha mbwa ni sheria, na mbwa anatakiwa awe ameipata kabla ya kuvuka wiki 16. Saluni huikazania kuliko zote, maana kinyozi ndiye anayeng'atwa.

Zile nyingine, za parvo na distempa (magonjwa ya virusi yanayoweza kumuua mtoto wa mbwa), hutolewa kwa awamu kila wiki 3 au 4 mpaka mtoto wa mbwa afike wiki 16 hivi. Mimi nilisubiri awamu zote ziishe ndipo nimwandikishe darasani, na najuta. Chama cha madaktari wa wanyama wanaoshughulika na tabia hapa Marekani, AVSAB, kinasema mtoto wa mbwa anaweza kuanza darasa akiwa na wiki 7 au 8, mradi awe amepata chanjo ya kwanza na dawa ya minyoo angalau siku 7 kabla. Sababu yao ni kwamba miezi 3 ya mwanzo ndiyo mbwa hupambanua kitu gani ni cha kawaida na kipi ni cha kuogopa. Karanga alifika wiki 17 hajawahi kusikia mashine ya kunyolea, hajasimama juu ya meza, na mtu mgeni hajamshika unyayo. Uliza daktari wako, maana yapo maeneo yenye parvo nyingi kuliko mengine, lakini usikae tu ukisubiri kwa woga kama mimi.

Darasa la Jumanne

Letu lilikuwa la wiki 6, kipindi cha muda wa saa moja kila Jumanne jioni, dola 140, mbwa watano. Linafanyika katikati ya duka, ndani ya uzio mfupi wa mbao, upande mmoja rafu za samaki na upande wa pili magunia ya chakula cha mbwa. Hebu fikiri kumfundisha mtoto wa darasa la kwanza hesabu ndani ya duka la pipi.

Kabla ya kulipa, nenda bila mbwa. Simama nje ya uzio utazame kipindi kizima. Mtazame mwalimu anafanya nini mbwa akikosea. Ukimwona anavuta mnyororo wa shingoni kwa ghafla, au anasifia kola zenye miiba au za umeme, nunua chakula cha samaki uende zako. AVSAB walitoa tamko mwaka 2021 kwamba mbwa afundishwe kwa kutuzwa tu, hata yule mkali. Mimi sikuhitaji tamko. Nimefundishwa kwa fimbo na nimefundishwa kwa sifa, najua ipi ilinitoa machozi na ipi ilinitoa darasani na kitu kichwani.

Jua pia kwamba hapa mtu yeyote anaweza kujiita mwalimu wa mbwa, hakuna leseni. Vipo vyeti vya hiari. Kinachojulikana zaidi ni CPDT-KA, ambacho mtu hakipati bila saa 300 za kufundisha na mtihani. Mwalimu wetu hakuwa nacho, alikuwa kijana aliyefundishwa na duka lenyewe, na bado alikuwa mzuri: mpole, haongei sana, anajua kusubiri. Wiki ya nne akaacha kazi. Akaja mwingine, mwenye maneno mengine na ishara nyingine za mikono, na mbwa wote watano wakamtazama kama wanafunzi waliobadilishiwa mwalimu katikati ya muhula. Kwa hiyo siku ya kwanza uliza: nani atafundisha mpaka mwisho, na akiondoka naweza kuhamia darasa lingine au kurudishiwa hela? Sisi hatukuuliza.

Usimlishe mbwa chakula cha jioni kabla ya kipindi. Na usinunue biskuti za dukani kwa ajili ya darasa: ni kubwa, ni kavu, mbwa anatafuna nusu dakika huku somo linapita. Mimi nachemsha firigisi za kuku bila chumvi wala kitunguu, nazikata saizi ya mbaazi, naziweka kwenye mfuko wa kiunoni. Firigisi zilitushindia harufu ya magunia yale. Mwalimu atakuonyesha pia kile kidude cha plastiki kinacholia "klik" kumjulisha mbwa kwamba hapo hapo amepatia. Kinafanya kazi, lakini mimi mikono ilijaa kamba, firigisi na mtoto wangu wa mwisho, nikatumia neno. Nasema "safi!" kwa sauti ile ile, papo hapo anapopatia, kisha firigisi inafuata. Neno halipotei chini ya kochi.

Wiki ina saa 168 na duka linakupa moja. Tulichofanya nyumbani ni dakika 3 za mazoezi, mara nne kwa siku, aghalabu kabla ya kumwekea chakula. Zaidi ya hapo Karanga alikuwa anachoka na mimi naanza kufoka.

Kaa, tulia, lala

Hili hakuna mwalimu wa Texas atakayekuambia. Tuliamua mbwa afundishwe kwa Kiswahili, ili watoto nao waendelee kukisema, na mara moja tukagonga mwamba: kwetu "kaa" ni kuketi, na "kaa" hiyo hiyo ni kubaki mahali. Darasani hayo ni mambo mawili tofauti. Nikimwambia "kaa" akaketi vizuri, halafu nikienda hatua tatu nimwambie "kaa hapo hapo", yeye anasikia neno lile lile, anainuka na kuketi upya karibu yangu ili apewe tena. Alikuwa sahihi. Mkosaji ni mimi.

Orodha tuliyobaki nayo, imebandikwa mlangoni mwa friji ili baba watoto asilete "keti" zake: *kaa* ni kuketi, *tulia* ni kubaki pale pale, *lala* ni kulala chini, *njoo*, *tema* (kilichomo mdomoni), *shuka* (kwenye kochi), na *mkekani*. "Acha" ilibidi tuitupe. Neno hilo linasemwa nyumbani kwangu mara mia kwa siku, kwa watoto, na Karanga alishajua kwamba halina uzito. Badala yake tunasema "haramu", tulilolipata kwa jirani yetu mmoja kutoka Zanzibar kwa utani, likakaa.

"Njoo" ilinde kama akiba ya benki. Usiitumie kumwita kwenye bafu, kwenye kukatwa kucha wala kwenye gari la kwenda saluni. Ukitaka kumwogesha, mfuate mwenyewe. Mimi niliichafua "njoo" kwa wiki mbili tu, nikatumia miezi miwili kuisafisha. Na jina tulilompa lina gharama yake: nikimwambia binti yangu aongeze karanga kwenye mchicha, jikoni tunakuwa watatu.

"Mkekani" ndiyo iliyotulipa kuliko zote. Wageni wetu wengi ni Waislamu, wengine wamekuja wana udhu, na wengine si Waislamu ila mbwa ndani ya nyumba hawajawahi kuwazoea. Kengele ikilia, Karanga anakwenda kwenye mkeka wake pembeni ya chumba cha kufulia na anatulia hapo mpaka nimwachie. Ilianza kwa sekunde tano na firigisi, leo anatulia mpaka wageni wamalize chai. Mwanzoni sikujua kwamba kutulia huko ndiko kutakakomsaidia siku moja juu ya meza ya kinyozi.

Mei, siku aliyogeuka mbuzi

Sitataja duka. Karanga alikuwa na miezi 8. Kati ya miezi 6 na 12 mbwa wa aina hii hubadilisha manyoya: yale laini ya kitoto yanaachia, ya kikubwa yanaota, na yanayoachia yananaswa ndani ya yanayoota. Mimi nilikuwa namchana kila jioni kwa brashi laini, kwa juu. Alikuwa anapendeza mno. Chini ya kupendeza huko, kwenye ngozi, alikuwa ameota rasta.

Nilimfikisha saa mbili na nusu asubuhi nikitoka kazini, nikaenda kulala. Saa tano simu ikaita: manyoya yameshikana, itabidi tunyoe yote, unakubali? Nilisema ndiyo nikiwa nusu usingizini. Saa nane mchana nikaletewa mnyama simfahamu. Mwembamba, wa waridi, kama mbuzi aliyekwisha kuchunwa ila bado anatembea. Kwapani na kwenye mapaja ngozi imebabuka kwa joto la mashine. Anatikisa kichwa bila kukoma. Kufikia usiku sikio la kushoto lilikuwa limevimba kama andazi.

Daktari alitueleza. Manyoya yakishikana nyuma ya masikio yanabana kama kola, na yakiondolewa yote kwa mkupuo sikio linawasha, mbwa anatikisa kichwa, na kimshipa kinapasuka ndani ya sikio. Damu inajaa kati ya ngozi na gegedu. Dola 260 kuitoa na kulifunga.

Hasira nilizokuwa nazo wiki ile mtu asiniambie. Lakini nikikaa nikagawa lawama kwa haki, rasta zilikuwa zangu. Kinyozi alikuwa sahihi kunyoa. Kufumua rasta za mwili mzima kwa kitana ni mateso ya saa nzima kwa mnyama, na afadhali upara. Makosa ya saluni naona ni matatu. Hawakupitisha kitana mbele yangu asubuhi wakanionyesha hali ilivyo. Hawakuniambia neno juu ya masikio. Na nilivyokuja kujua, alikuwa amemaliza tangu saa sita, saa mbili nzima yumo kizimbani anatikisa kichwa na hakuna aliyeniita.

Ikikutokea, piga picha siku hiyo hiyo kabla hujampaka chochote. Mpeleke kwa daktari na uombe akuandikie alichokiona. Rudi dukani umtafute meneja, si mtu wa kaunta, na useme unachotaka kwa sentensi moja. Mimi nilirudishiwa zile 95. Za daktari hawakulipa.

Kuchana kama twende kilioni

Brashi zile laini za kupendeza gawa. Unahitaji vitu viwili: brashi ya sindano nyembamba za chuma zilizopinda kidogo, na kitana kirefu cha chuma chenye upande wa meno mapana na upande wa meno ya karibu.

Mwanamke yeyote aliyewahi kusukwa twende kilioni anajua kazi hii tayari. Unagawa mstari mpaka uone ngozi. Unashikilia manyoya ya juu kwa mkono wa kushoto, unapiga brashi kwenye safu ndogo iliyobaki chini, kutoka kwenye ngozi kwenda nje, kwa mkono mwepesi. Kisha unaachia safu nyingine kidogo. Unaanzia miguuni kupanda juu. Ukimaliza eneo, pitisha kitana kutoka kwenye ngozi mpaka ncha. Kikikwama, bado. Jaribio la kitana ndilo kinyozi atakalolifanya, basi lifanye wewe kabla yake.

Rasta hupenda sehemu zilizojificha: nyuma ya masikio, kwapani, chini ya kola, kati ya mapaja, shina la mkia, katikati ya vidole. Popote panapofikicha. Mbwa wako akivaa mkanda wa kifuani, uvue akiingia ndani. Dakika 15, mara tatu au nne kwa wiki, zinatosha kwa Karanga. Wiki nikiwa na shifti mfululizo naomba apunguzwe zaidi saluni, kuliko kujidanganya kwamba nitachana.

Makosa mawili nimeyafanya mwenyewe. La kwanza ni kumwogesha akiwa na fundo nikidhani maji yatalilainisha. Maji yanalikaza, na likikauka linakuwa kama jamvi. Fumua kwanza, ogesha baadaye, na baada ya kuoga mkaushe huku unachana. La pili ni mkasi. Fundo linavuta ngozi ndani yake na ngozi ya mbwa ni nyembamba, kwa hiyo unadhani unakata manyoya kumbe unakata mbwa. Nilimkata kwapani, kidogo, na sura aliyonitazama nayo bado naiona.

Sasa unganisha na yale ya Jumanne. Mguse unyayo, "safi", firigisi. Siku kadhaa baadaye ushike sekunde mbili, kisha uinue, kisha ubonyeze ukucha utokeze. Fanya hivyo hivyo kwa sikio, kidevu na mkia. Mashine ya kunyolea tulikuwa nayo, ya baba watoto. Kila Jumamosi akijinyoa, Karanga alikuwa mwisho wa korido anakula firigisi. Tukamsogeza hatua moja moja. Ilichukua wiki tano mpaka mashine iliyozimwa imguse mgongoni, na wiki nyingine mbili ikiwa inalia. Meza yetu ya mazoezi ni mashine ya kufulia iliyozimwa, juu yake kimkeka cha mpira asiteleze. Mbwa akiteleza mara moja juu ya kitu kirefu, umepoteza mwezi.

Kucha tunakata nyumbani. Ndani ya ukucha kuna mshipa, na kwenye kucha nyeusi kama zake hauonekani, basi nakata vipande vyembamba kama ganda la kitunguu, nikiangalia kwa mbele. Kikitokea kidoa cheusi katikati, nasimama. Weka kisosi cha wanga wa mahindi karibu, ukikosea unabandika ukucha ndani yake ukaubana mpaka damu ikome. Usisahau kile kidole cha juu cha mguu wa mbele kisichogusa ardhi, hakijisagi chenyewe na kinaweza kujipinda kuingia ndani ya nyama. Wakati wa kukata, mtoto mmoja anamshikia kisahani chenye siagi ya karanga alambe. Soma kopo kwanza: ikiwa kuna ksilitoli, ile sukari ya bandia, ni sumu kwa mbwa hata kwa kiasi kidogo.

Kaunta ya pili

Usimpeleke mara ya kwanza kunyolewa. Mpeleke kusalimia. Kwenye darasa letu la pili (ndiyo, nililipia la pili) nilimwomba mwalimu dakika kumi za mwisho tuzitumie kando ya kioo cha saluni, mbwa anakula huku mashine zinalia upande wa pili. Wiki iliyofuata kinyozi alitoka akampa firigisi kwa mkono wake. Baadaye tukalipia dola 15 kukatwa kucha tu, ingawa najua kukata, ili apande meza, ashuke, aondoke. Mara tatu hivyo. Huyu ni kinyozi mwingine na duka jingine, mama wa makamo aliyewanyoa mbwa wengi wa aina hii kuliko nilivyokula chapati.

Maswali yangu kabla ya kumwachia mtu mbwa: Umenyoa wangapi wa aina hii? Huyu huyu ndiye atakayemshika mwanzo mpaka mwisho? Mnakausha kwa mashine ya upepo ya mkononi au ya kizimbani, na ya kizimbani ina joto? (Jibu nilitakalo ni ya mkononi, au upepo usio na joto. Mbwa hatoi jasho mwilini kama sisi, anahema tu, na kizimba chenye joto kinaweza kumuua.) Je, anaachwa peke yake mezani akiwa na kitanzi shingoni? Mtanipigia kabla ya kunyoa zaidi ya tulivyokubaliana? Hapa Texas anayenikata mimi nywele lazima awe na leseni ya jimbo. Anayemkata Karanga halazimiki kuwa nayo. Kwa hiyo uliza bila aibu, na ukijibiwa kwa kuchukia, umeshajibiwa.

Chukua miadi ya kwanza ya siku na uombe afanyiwe mfululizo bila kupumzishwa kizimbani. Huwa wanaongeza dola kadhaa. Lipa.

Kisha urefu. "Punguza kidogo tu" haina maana yoyote, na picha ya mtandaoni ni ya mbwa aliyetoka kuchanwa kwa muda wa saa tatu. Sema kwa inchi, na uonyeshe kwenye kidole. Mashine zao zina wembe wa namba, na namba ikipanda manyoya yanabaki mafupi: namba 10 huacha karibu milimita 1.5, namba 7 karibu 3, namba 4 karibu 9.5. Ukisikia "itabidi saba", jua ni upara wa heshima. Karanga wakati wa joto ni nusu inchi mwilini, inchi moja miguuni, uso wa mviringo, manyoya yanayoangukia machoni yakatwe aone. Nimeandika kwenye simu kwa Kiingereza, namtumia kinyozi usiku wa kuamkia miadi ili asinitegemee mimi niliyetoka shifti.

Bakshishi ni asilimia 15 hadi 20, na mimi humpa mkononi mwake, sio kwenye kadi.

Wakati wa kumchukua usikimbilie mlangoni. Mpapase palepale dukani: kwapa, mapaja, kati ya vidole, ndani ya masikio, kila ukucha. Mtazame anavyotembea. Kama amenyolewa karibu na ngozi, jioni hiyo mfunge kichwa: mimi hutumia mguu wa soksi ndefu ya kike uliokatwa ncha, unabana masikio yasipigane, naye anafanana na bibi wa kwetu akienda Jumapili. Na katika jua la Texas usimtoe mchana wiki nzima, ngozi ile haijawahi kuona jua.

Mtihani wa tatu na wa kumi

Alipofika miaka miwili tulimwingiza kwenye Canine Good Citizen, yaani "mbwa raia mwema", mtihani wa tabia wa American Kennel Club, chama cha hapa kinachosajili mbwa, uliopo tangu 1989. Una vipengele 10, na vizawadi vya kula haviruhusiwi. Kipengele cha tatu ni saluni tupu: mtahini anamchana, anamtazama masikio, anainua miguu ya mbele mmoja baada ya mwingine. Alikipita akipiga miayo. Cha kumi mwenye mbwa anamkabidhi mtu mgeni kamba na kutoweka kwa dakika 3. Hapo Karanga alilia mfululizo kama ameachwa bweni siku ya kwanza, tukaanguka.

Nilipotafakari, dakika 3 zile ndizo dakika za kaunta ya saluni. Tukarudi kwenye sekunde. Jirani yangu Mkongo, Mama Neema, anashika kamba, mimi najificha nyuma ya gari, sekunde 10, narudi kabla hajalia. Kesho 20. Siku akilia tunapunguza. Mama Neema alikuwa anamwimbia. Miezi minne baadaye tukarudia mtihani, akapita.

Miadi yetu ni Alhamisi, saa mbili asubuhi. Leo kitana kimekwama sehemu moja tu, nyuma ya sikio la kushoto, lile lile. Mama akipiga simu kesho nitamwambia kwamba mimi nasukwa Jumamosi.